Tunapomcheka aliyeanguka na baiskeli

Ijumaa moja ya mwezi wa Shaaban, muda mfupi kabla ya adhana, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti tukivua viatu, akatokea bwana mmoja wa makamo juu ya baiskeli. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, kofia ya mkono i kichwani, na harufu ya udi ilimtangulia. Alifunga breki kwa utulivu wa mtu anayejua kuwa anatazamwa. Alipotaka kushuka, kanzu haikushuka naye. Upindo wake ulikuwa umekwisha kumezwa na mnyororo, naye akabaki amesimama kwa mguu mmoja, akirukaruka kando ya baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani na wa pili unavuta kanzu. Hatimaye wakaanguka wote wawili, yeye na baiskeli yake, mbele ya watu waliokuwa wakitia udhu.

Tulicheka. Imamu aliyekuwa akipita aligeuza uso, lakini mabega yake tuliyaona yakitikisika. Bwana yule naye alicheka kuliko sisi sote. Vijana wawili walikwenda wakazungusha pedali kinyumenyume, kanzu ikatoka na mstari mweusi wa grisi toka magotini hadi chini, akaswali nayo hivyo hivyo. (Grisi si najisi, mzee mmoja alitangaza hukumu hiyo kabla hajaulizwa.)

Hakuna nyumba yenye baiskeli isiyokuwa na kisa cha namna hii. Mnyororo uko upande wa kulia, na upande huo ndio unaoadhibu kanzu, suruali pana na baibui. Baiskeli nyingi za zamani zilikuja na kifuniko cha bati kilichoufunika mnyororo wote. Kifuniko kikilegea hupiga kelele, fundi hukifungua ili atengeneze kitu kingine, kisha hutundikwa msumarini na hakirudi tena. Wazee waliokwisha kupata hasara wana hila zao: wengine huikunja kanzu wakaichomeka kiunoni, wengine huibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, na wengine huufunga mguu wa suruali kwa kipande cha mpira wa tyubu. Huonekana kichekesho, lakini hufika msikitini wakiwa weupe.

Chanzo kingine cha kuanguka, nacho kimewapata watu wengi wenye adabu, ni salamu. Baiskeli haisimami wima kwa nguvu zake. Inasimama kwa mwendo, na kwa mikono ya mpandaji inayourekebisha usukani kidogo kidogo bila ya yeye mwenyewe kujua. Mwendo ukipungua, inayumba. Sasa mtu anapita mbele ya baraza la wazee. Adabu inamtaka apunguze mwendo, na ainue mkono wa kulia atoe salamu. Kwa hiyo pale macho yalipo mengi zaidi, ndipo baiskeli inapokuwa dhaifu zaidi, na usukani umebakiwa na mkono mmoja. Pakiwepo na mchanga njiani, mambo yamekwisha. Tumewaona watu waliotoa salamu wakiwa juu, wakajibiwa wakiwa chini.

Wala tusidhani kwamba mikasa hii ni yetu sisi wenye baiskeli za kubebea samaki na magunia. Mabingwa wanaopanda baiskeli nyepesi kuliko mtungi wa maji nao huaibika, tena mbele ya dunia nzima. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishiriki mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 23 huko Salzburg, Austria, mwaka 2006, akiiwakilisha Kenya. Yalikuwa mashindano ambayo kila mtu huondoka peke yake na kupimwa kwa saa. Froome aliteremka kutoka jukwaa la kuondokea, akaenda kidogo tu, akamgonga msimamizi wa mashindano aliyekuwa barabarani. Wakaanguka wote wawili. Miaka 7 baadaye kijana huyo alishinda Tour de France, mbio kubwa kuliko zote, na akazishinda mara 4. Hata ubingwa haukumkinga na aibu. Tarehe 14 Julai 2016, akiwa amevaa jezi ya manjano ya kiongozi wa mbio, baiskeli yake ilivunjika katika mlima Ventoux, kwa sababu pikipiki iliyokuwa mbele ilizuiwa na umati wa watazamaji. Bwana mkubwa akaanza kupanda mlima kwa miguu, akikimbia na viatu vya baiskeli vyenye vyuma chini, kama mtu aliyeachwa na basi.

Kisa cha Biniam Girmay wa Eritrea kinagusa zaidi. Mwaka 2022 alishinda hatua ya 10 ya mbio za Giro d'Italia huko Italia, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio kubwa tatu za Ulaya. Akapanda jukwaani kupewa chupa ya mvinyo, maana ndiyo desturi yao ya kusherehekea. Alipokuwa akiifungua, kizibo kiliruka kikampiga jichoni. Alipelekwa hospitali, na kesho yake hakuendelea na mbio. Msomaji Mwislamu ana haki ya kutabasamu hapa na kusema kwamba chupa ile tungeliweza kumshauri asiiguse. Lakini ajiulize kwanza jicho lile lilikuwa linauma kiasi gani. Girmay alirudi, na mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour de France akachukua na jezi ya kijani.

Wapo pia walioaibishwa na furaha yao wenyewe. Mjerumani Erik Zabel, katika mbio za Milano hadi San Remo mwaka 2004, baada ya kilomita karibu 300, aliinua mikono kushangilia kabla hajavuka mstari. Mhispania Óscar Freire akampita papo hapo. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Mholanzi Annemiek van Vleuten alivuka mstari akishangilia dhahabu, ilhali Anna Kiesenhofer wa Austria alikuwa amekwisha kufika zamani. Wapandaji hawakuruhusiwa redio za masikioni, naye hakujua kuwa mbele yake bado kuna mtu. Siku 3 baadaye aliipata dhahabu kweli, katika mashindano ya saa.

Hawa wote waliinuka wakapanda tena. Walikuwa na makocha, mishahara na jamaa wa kuwafuta vumbi. Tunamjua mtu mmoja aliyeanguka mara moja tu na hakupanda tena maisha yake yote, na miongoni mwa waliomcheka tulikuwamo sisi.

Huyo ni shangazi yetu. Alikaa Jambiani, Kusini Unguja, na alikuwa akifundisha watoto Qur'ani Paje, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu kwenda, na mwingine kama huo kurudi. Kilimo cha mwani kilikuwa kimeingia pwani ile tangu mwaka 1989, na wanawake wengi, yeye akiwa mmojawapo, walianza kushika fedha za jasho lao. Aliweka akiba ya misimu miwili, akanunua baiskeli ya kike iliyokwisha kutumika, ya rangi ya kijani, yenye kengele nzuri. Hakutaka kuonekana akijifunza. Basi usiku wa mbalamwezi, bahari inapotoka na mchanga wa pwani kukazana kama sakafu, baba yetu alikuwa akimshikia kiti cha nyuma, naye akizunguka mpaka wanachoka. Nyumbani tulikuwa tukisikia kengele kwa mbali tukidhani ni mbuzi.

Asubuhi aliyotoka nayo barabarani kwa mara ya kwanza, sisi tulikuwa na umri wa miaka 10, tunarudi kuteka maji pamoja na wenzetu. Alikuja taratibu, mgongo umenyooka. Alipolifikia baraza ambapo wanaume walikuwa wakicheza bao, alipunguza mwendo akatoa salamu. Gurudumu la mbele likaingia mchangani. Alipoanguka, pindo la baibui lilikuwa limo ndani ya gurudumu la nyuma, nalo likavutwa lote. Mtandio ukamtoka, nywele zake zikawa wazi mbele ya wanaume wale. Alikaa chini akizifunika nywele kwa viganja viwili, na kwa kuwa mikono ilikuwa kichwani, hakuwa na mkono wa kujinasulia.

Aliyecheka kwanza alikuwa mtoto. Wakubwa walifuata. Wapo waliogeuza nyuso kwa ajili ya stara yake, tunawakumbuka, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini hata hao hawakunyanyuka. Mwanamke mmoja alitoka uani mbio, akamtupia kanga, akakata baibui kwa kisu cha jikoni. Shangazi akaikokota baiskeli mpaka nyumbani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kupewa jina, Bi Gurudumu, na jina hilo lilidumu kuliko baiskeli yenyewe, ambayo aliiuza baada ya Idi.

Miaka 8 alikwenda Paje kwa miguu. Siku za masika alifika amerowa, au hakufika kabisa na watoto wakarudi kwao. Mwaka wa 9 goti likamkatalia, akaacha kufundisha. Hatudai kwamba kuanguka kule ndiko kulikoliharibu goti. Tunalolijua ni kwamba siku ile goti lilivimba, na hakumwambia mtu, kwa sababu kulitaja goti kungeliwakumbusha watu kisa chenyewe nao wakacheka upya. Aliyatueleza hayo sisi tukiwa tumekwisha kuwa na watoto.

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ambayo tuliisoma tukiwa watu wazima, ikatukumbusha baraza lile. Vijana wa Kikureshi waliingia kwa Bi Aisha (r.a.) alipokuwa Mina, nao wanacheka. Akawauliza wanacheka nini. Wakamwambia kuwa fulani ameanguka juu ya kamba ya hema, nusura aumie shingo au jicho. Bi Aisha akawakataza kucheka, na akawapa habari aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba Mwislamu hapatwi hata na mchomo wa mwiba ila huandikiwa kwa ajili yake daraja na kufutiwa kosa. Vijana wale walimwona mtu aliyejikwaa, na Bi Aisha akamwona mtu aliyeandikiwa daraja.

Na Bi Aisha huyo huyo hakuwa mtu wa kununa. Ni yeye aliyesimulia, kama ilivyo katika Sunan Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokwisha kunenepa, wakashindana tena akashindwa yeye, na Mtume akamtania kuwa mara hii imelipa ile. Mzaha ulikuwamo nyumbani mle, lakini ulikuwa baina ya wawili waliokimbia pamoja.

Bwana wa kanzu tuliyeanza naye alicheka mwenyewe kabla yetu, na vijana wawili walikuwa tayari wamekwisha kupiga magoti kwenye mnyororo. Sasa tumewawekea watoto wetu kanuni moja nyumbani: kwanza unamwinua, unamfunika aliyefunuka, unamwuliza ameumia wapi, akicheka yeye, nawe una ruhusa. Hawaifuati siku zote. Sisi pia inatushinda mara nyingine, hasa anapoanguka mtu mwenye makuu.

Tunaishika kanuni hiyo zaidi kwa ajili ya watoto wenyewe. Mtoto anayechekwa huficha jeraha, na baiskeli ina majeraha yasiyofaa kufichwa. Mguu wa mtoto aliyepakiwa nyuma ukiingia kwenye spoku za gurudumu, siku ya kwanza waweza kuonekana umechubuka tu, kumbe nyama ya ndani imepondeka au mfupa umepasuka, na ngozi ikaanza kufa siku zinazofuata. Mguu kama huo upelekwe hospitali siku ile ile, hata kama mtoto anasema hauumi. Ampakiaye mtoto ampatie pa kuweka miguu mbali na gurudumu.

Binti yetu amefikisha miaka 11 na ameomba baiskeli ya kwendea skuli. Kabla ya kuinunua tulikwenda Jambiani. Shangazi amezeeka, anatembea kwa mkongojo, na wajukuu wa kijiji bado wanamwita Bi Gurudumu bila kujua jina limetoka wapi. Tulimwomba radhi kwa siku ile. Tulikuwa tumejitayarishia maneno mengi, tukayasema machache.

Alinyamaza akipeta mchele wake. "Nilikusameheni siku ile ile," akasema. "Nyinyi mlikuwa watoto. Lakini baiskeli ile, mwanangu, ilikuwa nzuri."

Kisha akatuuliza kuhusu baiskeli ya binti: ni ya kike? Ina wavu juu ya gurudumu la nyuma wa kuzuia nguo? Mnyororo wake una kava? Tulipomjibu kuwa ile tuliyoiona dukani haina kava, aliuweka ungo chini, akatutajia fundi wa Paje anayejua kuyafunga, na akatuhimiza tuondoke mapema kabla hajafunga duka.