Peugeot 404: Bingwa wa Safari Rally anayeuzwa kwa kilo Marangu

MOSHI. KAMA ulikuwa hujui, Tanzania iliwahi kubeba ubingwa wa Safari Rally miaka miwili mfululizo. Ilikuwa 1966 na 1967, dereva akiwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi nchini, pembeni yake Chris Rothwell akisoma njia. Gari lao lilikuwa Peugeot 404.

Wala haikuwa bahati. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari hiyo, yakamaliza saba tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na Nowicki akabeba tena na 404. Hesabu mwenyewe: makombe manne ndani ya misimu sita. Timu gani isingetaka rekodi hiyo?

Sasa njoo Marangu. Huku kwenye unyevu wa mlima, ndugu wa bingwa huyo wanakula kutu chini ya turubai, katikati ya migomba na mibuni. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mzani wake, bampa, milango na injini vinaondoka kwa bei ya kilo. Hapo ndipo mechi inapopotezwa, kwa sababu spea nyingi za gari hilo bado zinacheza.

INJINI BADO INA MIGUU

Injini ya 404 ina ujazo wa cc 1,618 na imelazwa upande kwa nyuzi 45. Uzuri wake ni kwamba silinda zake ni mikebe inayochomoka. Ikilika, fundi anatoa mikebe na pistoni, anaingiza mingine, na bloku inabaki ileile. Haina haja ya kuipeleka kwenye mashine kuitanua. Ni kama kufanya mabadiliko ya wachezaji bila kumfukuza kocha.

Gari kama hili likikaa miaka mingi, kosa kubwa ni kulipiga stata siku ya kwanza. Kwanza zinatolewa plagi, yanamiminwa mafuta kidogo kwenye kila silinda, yanaachwa yapenye, kisha injini inazungushwa kwa mkono taratibu. Ukilazimisha ikiwa imeshikana, ringi zinavunjika na gharama inakuwa nyingine kabisa.

KUTU INAPIGWA NA MAGADI

Kwa spea za chuma kama bawaba, boliti na vishikizo, dawa ipo na ni ya bei nafuu. Ndoo ya plastiki, maji, magadi soda na chaja ya betri. Waya hasi unafungwa kwenye spea, waya chanya kwenye chuma kisicho na kazi, na vyuma hivyo visigusane. Kutu inalegea yenyewe, kisha inasuguliwa kwa brashi. Ukikosea ukageuza waya, spea ndiyo inayoliwa.

Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwani hewa inayotoka inalipuka. Kile chuma cha kutupa kisiwe cha aina isiyoshika kutu, maana kinatoa sumu kwenye maji. Na alumini isiingie kabisa humo.

Bampa la kromu lenye madoa linasuguliwa kwa foili ya jikoni iliyolowekwa maji. Kutu ya juu inaondoka na mng'ao unarudi. Ila kromu iliyokwisha kubanduka haiponi kwa foili.

Bodi ndiyo yenye ujanja mwingi. Bati lililotoboka linakatwa, linachomelewa kipande kipya, linapigwa msasa na rangi ya chini, kisha puti kidogo ya kusawazisha. Wapo wanaojaza puti juu ya tundu. Hiyo ni sawa na kumchoma mchezaji ganzi acheze fainali. Dakika 90 zikiisha, maumivu yapo palepale.

MLIMA HAUDANGANYWI

Lango la Marangu liko takribani mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa pwani ikifika huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa. Moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Watu wanasema gari limechoka, kumbe linahitaji jeti ndogo zaidi. Na jeti zinasafishwa kwa petroli na upepo. Ukizichokonoa kwa waya wa chuma, unapanua tundu na umeiharibu kabureta.

Kushuka ndiko kwenye roho za watu. Kutoka langoni hadi Himo ni mteremko wa karibu mita 1,000, na kwenye breki hakuna mapenzi na ukale. Mipira ya silinda, mabomba ya mpira na mafuta yake vyote viwe vipya. Veterani anaweza kubaki kiungo, lakini golini weka kijana.

MAGARI MAKUKUU YANA LIGI YAO

Anayedhani hii ni kazi ya wazee wasio na shughuli amtazame Björn Waldegård. Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yalianza 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza ya 1953. Mswedi huyo aliyashinda 2007, kisha akayashinda tena 2011 akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia.

Shida ni mikono. Mafundi waliozoea kabureta wanazeeka, na vijana wengi wa gereji wamekulia kwenye magari ya kompyuta. Kijana hawezi kujifunza kufungua kabureta ambayo imekwishauzwa kwa kilo. Kwa hiyo kabla mzani haujafika uani, fungua spea, ipake mafuta, iandike jina na uiweke sandukuni. Ukiiuza leo kama chakavu, kesho utaitafuta Moshi nzima, na ukiipata utauziwa kwa bei ya dhahabu.