Uwanja Mmoja, Kalenda Mbili

Hesabu yenyewe huvutia: chuo kikuu kina uwanja wa besiboli usio na kazi wanafunzi wakishafunga, na timu ya kulipwa ya ligi ndogo inatafuta pa kuchezea majira ya joto. Mjini Eugene, jimboni Oregon, hesabu hiyo ilikubali kwa takriban miaka kumi. PK Park ulijengwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Oregon, kilichorudisha besiboli mwaka 2009 baada ya kuifuta 1981. Mwaka 2010 timu ya Emeralds ikahamia hapo kutoka Civic Stadium, uwanja wa mbao wa mwaka 1938. Wanafunzi walianza kucheza Februari. Emeralds, waliokuwa ligi ya msimu mfupi, walisubiri hadi Juni.

Kwa maoni yangu, walichogawana hasa si uwanja bali kalenda, na hiyo haikuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Mwaka 2021 Ligi Kuu ya besiboli ilizipanga upya ligi ndogo, ikabakiza timu 120, na Emeralds wakapandishwa daraja. Heshima hiyo ilikuja na msimu unaoanza Aprili, wakati wanafunzi wangali uwanjani. Yupo atakayesema wapishane tu, huyu akisafiri yule acheze nyumbani, maana nyasi ni za bandia na hazichakai upesi. Lakini siku hizi timu za ligi ndogo humkabili mpinzani mmoja kwa michezo sita, Jumanne hadi Jumapili, na vyuo vina desturi ya michezo mitatu kila mwisho wa juma. Zinazogombewa ni Ijumaa na Jumamosi zilezile, ambazo ndizo zenye watazamaji. Isitoshe, Ligi Kuu ilileta masharti mapya ya majengo, vikiwemo vyumba vya kubadilishia nguo na sehemu za kufanyia mazoezi ya kupiga mpira. Sioni kwa nini chuo kigharimie mahitaji ya mpangaji.

Linganisha na State College, Pennsylvania, ambako timu ya Chuo Kikuu cha Penn State na ile ya ligi ndogo ya Spikes zinatumia Medlar Field, uwanja uliofunguliwa 2006. Mageuzi yaleyale yaliwanyima Spikes uhusiano na klabu ya Ligi Kuu, wakaingizwa katika ligi ya vijana wanaowania kusajiliwa, ambayo huanza Juni. Aliyeshushwa akabaki na nyumba, aliyepandishwa akaanza kusaka kiwanja. Mei 2024 wapiga kura wa Eugene walikataa mji ukope dola milioni 15 kusaidia ujenzi wa uwanja mpya wa Emeralds. Kuwaita wabahili ni kuwaonea: waliletewa gharama ya uamuzi ambao hawakuulizwa.