Kuhesabu Marejeleo: Kipimo cha Kazi ya Mchunguzi na Habari za Tu Youyou

Shabaha ya makala hii ni kueleza namna kazi ya mchunguzi wa mambo ya tiba inavyopimwa kwa idadi ya maandishi yake na kwa idadi ya mara alizorejelewa na wenziwe, kisha kukijaribu kipimo hicho kwa mfano mmoja ulio dhahiri. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na lugha? Jawabu ni kwamba rejeleo ni tendo la lugha kabla ya kuwa nambari. Tena faharasa ambayo hesabu hii imetoka iliundwa na mtu aliyesomea isimu, na mojawapo ya dosari zake kubwa inatokana na lugha.

Kwanza yatupasa kutenganisha maneno matatu. Kutaja ni kutamka jina la mtu au la kitu. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo. Kurejelea ni kumrudisha msomaji kwenye andiko ambalo habari imetoka. Mwandishi aweza kurejelea bila kunukuu, na aweza kutaja bila kurejelea. Jambo linalohesabiwa katika vipimo hivi ni hilo la tatu peke yake: makala ya pili ikimrudisha msomaji kwenye makala ya kwanza, ile ya kwanza huandikiwa rejeleo moja. Hesabu haiulizi kama mwandishi wa pili amemsifu wa kwanza, amemkosoa, au amemkumbuka kwa adabu tu.

Asili ya hesabu hii si tiba bali sheria. Tangu mwaka 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na vitabu vilivyoanzishwa na Frank Shepard, ambavyo vilionyesha kila hukumu imerejelewa na hukumu zipi za baadaye, ili wakili asije akaitegemea hukumu iliyokwisha tanguliwa. Eugene Garfield alilichukua wazo hilo akalipeleka katika sayansi, akalieleza katika jarida la Science mwaka 1955. Garfield alipata shahada ya udaktari katika isimu kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1961, kwa tasnifu iliyohusu namna ya kuyageuza majina ya kikemia kuwa fomula. Mwaka 1964 faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ilianza kutolewa rasmi. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kutafuta, si kupima: aliyeipata makala ya zamani aweze kujua ni nani walioitumia na ni nani walioipinga. Lakini watu wakipewa orodha, hawakawii kuihesabu.

Katika hesabu hiyo vimezuka vipimo viwili vinavyotumika sana. Cha kwanza ni kipimo cha jarida. Huchukuliwa marejeleo yote ambayo jarida limepata katika mwaka mmoja kwa makala zake za miaka miwili iliyotangulia, yakagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Jawabu ni wastani, na wastani hausemi habari za makala moja moja. Makala chache zenye marejeleo mengi mno zaweza kulipandisha jarida zima, na nyingi zilizosalia zikawa hazikurejelewa hata mara moja.

Kipimo cha pili ni cha mtu. Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, alikitoa mwaka 2005, nacho huitwa kipimo cha h. Tuseme mchunguzi ana makala tano, nazo zimerejelewa mara 40, 9, 4, 3 na 1. Makala zake tatu zimerejelewa walau mara tatu kila moja, lakini hana makala nne zilizorejelewa walau mara nne. Basi h yake ni 3. Kipimo hiki kina faida ya kumzuia mtu asijivunie wingi wa karatasi zisizosomwa. Lakini mtu mwenye makala moja tu, hata ikirejelewa mara elfu, h yake ni 1, wala haiwezi kuzidi hapo.

Tena wingi wa marejeleo haulingani na ukubwa wa uvumbuzi. Katika hesabu iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2014, makala iliyoongoza kwa marejeleo ilikuwa ya Oliver Lowry na wenziwe ya mwaka 1951, yenye marejeleo zaidi ya 305,000. Makala hiyo inaeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Ni chombo cha kazi, kama kisu cha jikoni: kila apikaye hukishika. Kwa upande wa pili, uvumbuzi mkubwa ukishaenea hata ukawa maarifa ya watu wote, waandishi huacha kuurejelea, kama tusivyomrejelea mtu tunaposema kwamba malaria huenezwa na mbu.

Sasa tutazame mfano wetu. Tu Youyou alizaliwa Ningbo, Uchina, mwaka 1930, akahitimu masomo ya dawa Beijing mwaka 1955. Mwaka 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ulioitwa 523 kwa sababu ulianza tarehe 23 mwezi wa tano. Mwaka 1969 Tu alipewa uongozi wa kundi moja la wachunguzi katika chuo cha tiba ya asili. Kundi hilo lilikusanya maelezo ya dawa za kale yapatayo 2,000, likachuja. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, ambao Wachina huuita qinghao, ulionyesha nguvu, kisha nguvu ikapotea katika majaribio yaliyofuata. Tu akarudi vitabuni. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya nne alikuta maelekezo ya kuuloweka mmea katika maji na kuukamua maji yake. Hapakutajwa kuchemsha. Akafahamu kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwezi wa Oktoba 1971 dawa iliyopatikana iliwaponya kabisa panya wenye malaria. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza ili kuhakikisha usalama wake, ndipo wakawapa wagonjwa.

Basi maandishi ya uvumbuzi huo yako wapi? Mwaka 1972 ulielezwa kwa mdomo katika mkutano wa ndani huko Nanjing. Mwaka 1977 makala fupi kuhusu umbo la kikemia la dawa hiyo ilitolewa kwa Kichina, na mwandishi wake alikuwa kundi, si mtu. Mwaka 1979 makala ya Kiingereza ilitoka katika Chinese Medical Journal, nayo pia kwa jina la kundi. Mwaka 1985 Daniel Klayman, Mmarekani, aliandika katika Science makala ya kuikusanya habari yote ya dawa hiyo, na kwa wasomaji wengi wa nje makala hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Jina la Tu lilikuja kujulikana sana mwaka 2011, Louis Miller na Xinzhuan Su walipoeleza historia hiyo katika jarida la Cell, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Lasker. Mwaka 2015 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuwa na shahada ya udaktari, hakusomea ng'ambo, wala hakuwa mwanachama wa akademia za taifa za Uchina.

Haki yataka tuseme pia kwamba wachunguzi wengine wa Uchina walishiriki: wa Yunnan na Shandong waliitoa dawa hiyo katika mmea, na wa Shanghai na Beijing wakalitambua umbo lake. Baada ya tuzo palizuka ubishi juu ya mgawanyo wa sifa. Hesabu ya marejeleo haikuweza kuuamua ubishi huo, kwani andiko lenye jina la kundi halisemi nani alifanya nini.

Mfano huu watufunza kwamba rejeleo hufuata njia tatu: lugha, jina, na jarida. Andiko lisilosomeka na wengi halirejelewi. Lisilo na jina la mtu haliandikwi katika hesabu ya mtu. Na lililo nje ya majarida yanayoingizwa katika faharasa ni kama halikuandikwa. Lakini dawa yenyewe haikungoja hesabu. Mwaka 2006 Tanzania iliichagua dawa yenye artemetha, mtoto wa artemisinini hiyo, iliyochanganywa na lumefantrini, kuwa tiba ya kwanza ya malaria. Watu wakaiita dawa mseto, kwa neno la chakula cha mchele na choroko. Mama anayempa mwanawe vidonge hivyo anathibitisha kazi ya Tu, na uthibitisho huo hauingii katika faharasa yoyote.

Nasi tuandikao kwa Kiswahili tuna fungu letu katika jambo hili. Tamko la San Francisco, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, lilionya kwamba kipimo cha jarida kisitumiwe kumpima mtu. Na kanuni za Leiden za mwaka 2015 zilitaka uchunguzi wenye manufaa ya mahali ulindwe, hata ukiandikwa kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Maonyo hayo hayatatufaa iwapo sisi wenyewe twasoma kazi ya mwenzetu iliyo kwa Kiswahili, kisha katika orodha ya marejeleo tukaandika kitabu cha Kiingereza kilichosema jambo lile lile baadaye. Na wale wanaokaa kuamua nani apandishwe cheo, hapana budi wazisome kazi zenyewe. Nambari yaweza kumwonyesha mwamuzi pa kuanzia, lakini haiwezi kumsomea.