Besi bila kesi: Jinsi ya kuchagua sabufa ya ukumbi mdogo wa muziki

TUSEME umefungua ukumbi wa watu 80 hivi, ghorofa ya kwanza, katika jengo lililobanwa kati ya duka la dawa na ploti ya wapangaji kule South B. Alhamisi una bendi ya benga, Ijumaa bendi kisha DJ, Jumapili alasiri vijana wa mashairi. Spika mbili za juu ziko sawa na waimbaji wanasikika. Lakini mpiga gitaa la besi anacharaza hadi jasho linamtoka, na watu wameketi tu. Hakuna kinachowagonga kifuani. Unaamua kutafuta sabufa, na kila msee unayemuuliza anakupa jibu lile lile: chukua kubwa kabisa.

Usikimbilie Luthuli Avenue bado. Katika ukumbi mdogo, sabufa ndiyo inayowainua watu vitini, na ndiyo hiyo hiyo inayokuletea kanjo mlangoni. Jirani hatapiga simu kwa sababu ya gitaa la solo. Atapiga kwa sababu ya ile dum-dum inayopenya ukutani na kutikisa kitanda cha mtoto saa tano usiku. Novemba 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi baada ya wakazi kulalamikia kelele. Kwa mwenye ukumbi mdogo, na kwa bendi changa zinazotegemea jukwaa lake, kuchagua sabufa ni kuchagua kama mwaka ujao utakuwa bado umefungua.

Kwanza tuelewane. Sabufa ya jukwaani si ile wufa ya keja yenye rimoti na taa za rangi. Hii ni boksi lenye kazi moja tu: sauti za chini, takriban hezi 40 hadi 100, ili spika za juu zibaki na kazi ya sauti za waimbaji na magitaa. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hupiga hezi 41. La nyuzi tano hushuka hadi 31. Ngoma ya mguu ya drami nguvu yake nyingi iko kati ya hezi 50 na 100.

Sasa, kuna kanuni ambayo muuzaji hana haraka ya kukuambia. Mafundi wa spika huiita Sheria ya Chuma ya Hofmann, kwa jina la Josef Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya KLH nchini Marekani mwaka wa 1957. Inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, huwezi kuvipata vyote vitatu. Utapata viwili. Sabufa ndogo za kisasa hujaribu kuikwepa kwa kubeba amplifaya yenye nguvu na kompyuta ndogo ndani inayolinda spika isipasuke. Lakini hazijaifuta sheria hiyo. Ukiona kiboksi cha inchi 10 kinachodai kushuka hadi hezi 30 na kutikisa ukumbi mzima, jua kuna mahali umefichwa kitu.

Kwa ukumbi wetu wa watu 80, wenye dari ya mita 3, mimi ningeanza na inchi 12. Si 18. Najua kuna watakaocheka, kwa sababu mtaani ukubwa wa spika ni heshima. Lakini fikiria: ndani ya chumba kama hicho, drami zenyewe bila maikrofoni zinajaza nyumba. Kazi ya sabufa ni kuifikisha besi pale drami zilipo, si kuipeleka mbele yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kiwango chake cha kumbi za burudani Machi 2022, likashauri wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na chumba kidogo hufika hapo haraka kuliko unavyodhani.

Halafu ile hezi 41 ya gitaa la besi isikutishe. Nota moja hubeba pia mitetemo ya juu yake, hezi 82, hezi 123 na kuendelea, na sikio hulitambua gitaa zaidi kupitia hiyo. Benga inaishi hapo, maana besi yake inatembea na kuzungumza. Hailali chini ikinguruma. Sabufa ya inchi 12 inayofika hezi 45 kwa ukweli itaibeba vizuri kabisa. Tofauti inakuja bendi ikishuka na DJ akipanda na amapiano, kwa sababu ile ngoma yake ya kielektroniki huteleza chini sana. Ikiwa DJ ndiye anayelipa kodi ya nyumba, basi sawa, fikiria inchi 15. Ikiwa bendi ndiyo roho ya ukumbi, usinunue sabufa kwa ajili ya saa mbili za mwisho za Ijumaa.

Wati ndizo zinazowapoteza wengi. Muuzaji anaonyesha sabufa moja ya wati 1,000 na nyingine ya 2,000, bei imepanda mno, nawe unadhani ya pili ina sauti mara mbili. Hapana. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo mteja aliye na chupa mkononi huenda asiitambue. Ili sikio lihisi sauti imeongezeka mara mbili unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Tena kuna wati za kilele, zinazodumu kufumba na kufumbua, na wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo usiku kucha. Kwenye kartoni huandikwa zile za kwanza, kwa herufi kubwa.

Cha kusoma ni karatasi ya vipimo. Tafuta namba mbili. Moja ni sauti ya juu kabisa katika desibeli. Nyingine ni hezi ya chini inayofikiwa, na hapa uwe mkali: uliza imepungua kwa desibeli ngapi pale chini. "Hezi 40" yenye upungufu wa desibeli 3 ni besi halisi. "Hezi 40" yenye upungufu wa desibeli 10 ni mnong'ono. Na ikiwa imeandikwa "hezi 40" bila maelezo yoyote, hiyo ni matangazo tu.

Mahali pa kuiweka ni nusu ya kazi, na ni pa bure. Tumezoea kuona sabufa mbili, moja kila upande wa jukwaa, kwa sababu inapendeza machoni. Katika ukumbi mdogo mpango huo unaharibu besi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hivyo wimbi la hezi 60 lina urefu wa mita 5.7. Mteja aliyekaa mahali ambapo sabufa moja iko mbali naye kuliko nyingine kwa karibu mita 2.9, nusu ya wimbi, hupata mawimbi mawili yanayokinzana na kufutana. Ndiyo maana kuna meza ambazo besi haifiki hata ufanye nini, halafu mtu akienda msalani anakuta imejaa kule kwenye kona.

Ziweke pamoja, zikigusana, sakafuni. Sabufa mbili zilizo bega kwa bega huongeza hadi desibeli 6 juu ya moja, kwa sababu mawimbi yanasukumana upande mmoja. Ukuta ulio nyuma yao nao huongeza, na kona huongeza zaidi. Kwa hivyo sabufa mbili ndogo za inchi 12 katikati, mbele ya jukwaa, zinaweza kufanya kazi ambayo ungenunulia boksi moja la watu wanne kubeba. Na moja ikiharibika Ijumaa jioni, bado una nyingine. Jambo moja tu: kama jukwaa lako ni la mbao na lina uwazi chini, usizipandishe juu yake. Jukwaa litageuka ngoma, maikrofoni zitaokota mngurumo, na fundi wako atalaumiwa bure.

Kuna pia sabufa za kadioidi, zilizoundwa ili besi iende mbele na nyuma ibaki kidogo. Zamani kwa kawaida ulihitaji boksi kadhaa na hesabu nyingi. Siku hizi kuna za boksi moja. QSC KS212C, kwa mfano, ina spika mbili za inchi 12 ndani, na kampuni inasema sauti ya nyuma hupungua kwa desibeli 15 ikilinganishwa na ya mbele. Kama nyuma ya jukwaa lako kuna ukuta wa jirani, hiyo inavutia. Ila bei ni kali, na usiibane kabisa ukutani ukitarajia maajabu. Katika chumba kifupi, besi iliyotupwa mbele itagonga ukuta wa pili na kurudi.

Tukifika kwenye kuta, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya watu: trei za mayai hazizuii besi. Wala sponji za rangi zilizobandikwa kama keki hazizuii. Ili kitu cha aina hiyo kilimeze wimbi la hezi 50 vizuri, kingehitaji unene wa karibu robo ya wimbi, mita 1.7. Ungebaki na ukumbi wa watu 10. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na kila hezi zikipungua nusu, ukuta ule ule hupoteza takriban desibeli 6 za uwezo wake. Kutoka hezi 1,000 hadi 62 umepoteza desibeli 24. Ndiyo sababu ukiwa nje ya klabu husikii maneno ya wimbo, unasikia dum-dum pekee. Kinachosaidia ni mlango mzito unaofunga bila mwanya, madirisha ya upande wa jirani kuzibwa kwa kitu kizito, na mpira mnene chini ya sabufa ili mtetemo usishuke kwenye slabu hadi kwa mwenye duka la dawa.

Sheria haina huruma kama unavyofikiri. Kanuni za kelele na mtetemo za mwaka wa 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinaruhusu desibeli 55 mchana katika maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani. Usiku ni 35. Na usiku wa sheria unaanza saa mbili, si saa sita. Katiba ya 2010 nayo imeipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kwa hivyo una wakubwa wawili.

Kuna mtego hapa. Viwango hivyo hupimwa kwa desibeli za aina ya A, zinazoiga sikio la binadamu na kupuuza sauti za chini: hezi 50 hupunguzwa karibu desibeli 30 kwenye kipimo. Programu ya simu yako ikisoma kwa A inaweza kukuonyesha namba nzuri huku jirani akitetemeka kitandani. Badilisha isome kwa C, ndipo utaiona besi ilivyo. Kanuni zenyewe zinataja mtetemo pia, usidhani umeponyoka.

Haya, sasa nenda dukani. Beba simu yenye wimbo unaoujua vizuri, na ukiweza nenda na mpiga besi wako na gitaa lake. Muuzaji akikataa lisichomekwe, toka. Tafuta sabufa yenye amplifaya ndani, swichi ya kugeuza mawimbi, na matundu ya kupitisha mawimbi kwenda spika za juu yakiwa yamekwisha kuondolewa besi. Ya kampuni inayojulikana hufika laki moja na zaidi, na ile ya bei ya kutupa yenye nembo iliyokosewa herufi moja unajua ilikotoka. Kwa mtumba uliotoka Marekani, geuza nyuma usome volti kwanza, maana nyingi za huko hutumia 120 na stima yetu ni 240. Utasikia mlipuko kabla ya muziki. Na kama mfuko haujatosha, kodisha sabufa ya aina hiyo kwa wikendi moja kabla ya kuinunua. Ni hela kidogo kuliko majuto.

Ukishaifunga, weka krosova karibu na hezi 90 na uanzie hapo. Kwenye miksa, peleka kwa sabufa ngoma ya mguu, gitaa la besi na kinanda pekee, kupitia njia yake tofauti. Maikrofoni za waimbaji zisifike huko kamwe, zinachopeleka ni kishindo cha miguu na pumzi. Kisha bonyeza ile swichi ya mawimbi huku besi ikipigwa, usimame katikati ya ukumbi, na uache upande ule unaosikika umejaa zaidi.

Halafu mwache mpiga besi aendelee na nota ile ile ya chini, wewe ushuke ngazi. Bisha hodi kwa mpangaji aliye ukuta kwa ukuta nawe, umwombe dakika mbili za kusimama chumbani mwake mkiwa mmefunga mlango. Mpigie fundi simu ukiwa hapo hapo, apunguze hadi jirani akwambie inatosha. Mahali kinobu kilipofikia, kibandike utepe.