Kilo mbili kwenye kidole, miaka 20 gerezani

Kifyatulio cha bunduki, au triga kwa lugha ya mtaani, ni kipande cha chuma chepesi kuliko kiberiti cha gesi. Lakini sheria ya wanyamapori ya Tanzania na sheria ya silaha ya Marekani zote hukitumia kipande hicho kutenganisha bunduki ya mwindaji na bunduki ya vita. Swali la sheria ni fupi: ukibonyeza mara moja, zinatoka risasi ngapi?

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita mjini, silaha si kitu cha kusikia redioni. Utaiona begani kwa mlinzi wa duka la dhahabu, kwenye gari la fedha na kwenye lango la mgodi. Vijijini lipo gobore, linaloshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Palipo na silaha, maneno ya mafundi hayakosekani: huyu anataka triga ilainishwe, yule amesikia kwamba raifo inayojipakia yenyewe inaweza kufanywa imwage risasi mfululizo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza lina mahali pake halali. La pili, ukilipigia hesabu za kilo, shilingi na miaka, halilipi popote.

Kilo za triga

Uzito wa triga ni nguvu inayohitajika kuivuta mpaka risasi itoke. Hupimwa kwa kuning'iniza jiwe la mizani au kwa kipimo maalumu cha springi. Viwango vinatofautiana sana kulingana na kazi ya silaha:

- Bastola ya upepo ya mita 10, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha (ISSF): isipungue gramu 500.
- Raifo ya bayathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga: isipungue gramu 500.
- Bastola ya mita 25: isipungue gramu 1,000.
- Raifo ya kawaida ya mita 300: isipungue gramu 1,500.
- Raifo nyingi za kuwindia kutoka kiwandani: kati ya kilo 1.4 na 2.3, yaani pauni 3 hadi 5.
- Bunduki ya kijeshi aina ya M16: kati ya kilo 2.5 na 4.3.
- Bastola za polisi wa jiji la New York, kwa miaka mingi: kilo 5.4, yaani pauni 12.

Kwa hiyo mwindaji anavuta takriban kilo mbili kwa kidole kimoja, sawa na kuinua mfuko wa sukari wa kilo mbili kwa kidole cha shahada. Bunduki yenyewe ina kilo tatu hadi nne. Nguvu ya kidole ikikaribia uzito wa bunduki, bunduki huyumba kabla risasi haijatoka.

Kuyumba huko kunapimika. Chukua mtutu wa sentimita 60. Mdomo wake ukihama milimita 1 tu huku sehemu ya nyuma ikiwa imetulia, risasi itakosa kwa milimita 83 kwenye mita 50 na milimita 167 kwenye mita 100. Duara la alama 10 kwenye shabaha ya raifo ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Milimita moja ya mtetemo inatosha kukutoa nje ya duara hilo mara nyingi zaidi ya upana wake.

Ndiyo maana walenga shabaha huzungumzia zaidi ya uzito. Wanataka kujua mwendo wa bure kabla ya chuma kugusa chuma, namna triga inavyoachia (kwa ghafla na kwa usafi, au kwa kukwaruza), na mwendo wa ziada baada ya kuachia. Triga ya kilo mbili inayoachia safi inaweza kuwa bora kuliko ya kilo moja inayokwaruza. Mara nyingi anayelalamika kuwa triga yake ni nzito anasumbuliwa na vumbi, kutu na mafuta yaliyoganda. Hayo humalizwa na usafi na fundi mwenye leseni, bila kugusa kilo hata moja.

Wepesi una bei yake

Polisi wa New York hawakuchagua pauni 12 kwa kutojua shabaha. Waliogopa askari aliyejaa hofu, kidole kikiwa ndani, afyatue bila kukusudia. Uzito ule uliwagharimu usahihi, na kuanzia 2021 askari wapya walianza kupewa bastola zenye triga nyepesi zaidi. Mabishano hayo yanafundisha kwamba uzito wa triga ni maafikiano kati ya kulenga vizuri na kutofyatua kwa bahati mbaya.

Sasa mfikirie mlinzi wa Kanda ya Ziwa. Anakaa zamu ya usiku, anapanda bodaboda na bunduki mgongoni, anaiegemeza ukutani anapokunywa chai. Triga ya gramu 500 inayomfaa mwanamichezo mbele ya shabaha ni hatari mikononi mwa mtu huyo. Ikisuguliwa na fundi wa mtaani mpaka ishike kwa unywele, bunduki inaweza kulia kwa kuanguka tu.

Hata viwanda vikubwa hukosea hapa. Mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka wateja warudishe raifo za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014. Kasoro iliyotajwa ilikuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha, ambayo ingeweza kufanya bunduki ifyatuke yenyewe. Mapatano ya kesi kuhusu triga za kampuni hiyo yalihusu bunduki zipatazo milioni 7.5. Kama kiwanda chenye vipimo kinaweza kufika hapo, tupa ya fundi asiye na kipimo iogopwe zaidi.

Mbonyezo mmoja

Bunduki ya nusu-otomatiki hutumia nguvu ya risasi iliyotoka kutupa ganda na kupakia risasi nyingine. Lakini haifyatui tena mpaka mpigaji aachie triga na kuibonyeza upya. Ya otomatiki huendelea kutema maadamu kidole kimebana. Kugeuza ya kwanza iwe ya pili ndiko sheria za nchi nyingi hukuchukulia kuwa ni kutengeneza silaha ya vita.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi. Katika orodha ya njia haramu za kuwinda imetaja silaha ya otomatiki au nusu-otomatiki inayoweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa mbonyezo mmoja wa triga, au kujipakia yenyewe zaidi ya mara moja bila mpigaji kufanya kitu kingine. Kwa porini, basi, ile ya nusu-otomatiki haifai hata kabla hujaigusa. Mwindaji halali hutumia raifo ya bolti, anayoivuta kwa mkono kila risasi, au bunduki ya mitutu miwili.

Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotiwa saini 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, kupiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha na raifo za otomatiki na nusu-otomatiki. Kwa maana hiyo, mazungumzo ya kubadili raifo ya michezo inayojipakia yenyewe, yanayosikika Texas kama jambo la kawaida, hapa yanaanza na kitu ambacho raia hakutarajiwa kuwa nacho.

Hata Marekani kipimo ni hicho hicho cha mbonyezo mmoja. Tangu 1934 bunduki za rashasha zinatozwa kodi ya dola 200 na kusajiliwa, na tangu 19 Mei 1986 raia hawezi kumiliki iliyotengenezwa baada ya tarehe hiyo. Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja alimimina zaidi ya risasi 1,000 kwa takriban dakika 10 kwa kutumia vitako maalumu vinavyoharakisha ubonyezaji. Watu 58 walikufa usiku ule, na baadaye idadi ikafika 60. Serikali ilikadiria kuwa vitako vya aina hiyo vilivyokuwa mikononi mwa watu ni kati ya 280,000 na 520,000, na ikavipiga marufuku kuanzia Machi 2019. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilifuta katazo hilo kwa hoja kwamba triga bado hubonyezwa mara moja kwa kila risasi.

Dakika moja inagharimu kiasi gani

Weka sheria pembeni kwanza, tuhesabu matumizi. Bunduki ya AK-47 ina mwendo wa risasi kama 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Magazini ya risasi 30 inaisha kwa sekunde 3. Risasi moja ya 7.62 kwa 39, pamoja na ganda lake, ina uzito wa takriban gramu 16. Mzigo wa dakika moja ni karibu kilo 10, zaidi ya mara mbili ya uzito wa bunduki yenyewe.

Tuseme risasi moja inapatikana kwa senti 50 za dola, na dola ni shilingi 2,500. Dakika moja ni shilingi 750,000. Amri ya mshahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni kubwa binafsi kuwa shilingi 222,000 kwa mwezi, na wa kampuni ndogo shilingi 148,000. Dakika moja ya kumwaga risasi ni mshahara wa zaidi ya miezi mitatu kwa yule wa kwanza, na miezi mitano kwa wa pili.

Halafu kuna joto. M16 ya jeshi inaweza kutoa risasi 700 hadi 900 kwa dakika, lakini mwongozo wake unataka mwendo wa kudumu usizidi risasi 12 hadi 15. Zaidi ya hapo mtutu unachemka. Kama silaha iliyoundwa kwa vita ina mpaka huo, raifo ya michezo iliyoharibiwa utaratibu wake haiwezi kuwa salama kwa anayeishika.

Miaka

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia umiliki, uuzaji na ufundi wa silaha nchini. Kumiliki silaha bila kibali hushitakiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambayo tangu marekebisho ya 2016 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30.

Miaka 20 kwa kima kile cha mwaka 2022 cha shilingi 222,000 ni shilingi milioni 53.28 za mshahara uliopotea. Hapo hujahesabu wakili, shamba lisilolimwa wala ada za watoto.

Ukubwa wa jambo

Makadirio ya taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yaliweka silaha mikononi mwa raia wa Tanzania kuwa 427,000, chini ya moja kwa kila watu 100. Kenya ilikadiriwa 750,000 na Uganda 331,000. Marekani ilikuwa na milioni 393, yaani zaidi ya silaha 120 kwa kila watu 100.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 Geita na 2,241,299 Shinyanga. Kwa wastani wa kitaifa, mikoa hii miwili ingekuwa na silaha kama 40,000. Ni idadi ndogo kwa watu milioni 5.2, na uchache huo ni mali. New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya 15 Machi 2019 yaliyoua watu 51, ililazimika kununua kutoka kwa raia silaha takriban 56,000, nyingi zikiwa za nusu-otomatiki, kwa zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo, vipuri vikiwamo. Ni nafuu zaidi kutoziruhusu kuliko kuzinunua baadaye.

Eneo hili pia lina historia ya kujilinda bila bunduki. Sungusungu walianzia upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakiwa na pinde na mishale, dhidi ya wezi wa ng'ombe. Na soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limempa mchimbaji mdogo mahali pa kuuzia dhahabu hadharani, badala ya kuuza gizani na kuhitaji mtu wa kumlinda njiani.

Kwa mwenye silaha halali, ushauri ni huu: usilipe senti kwa fundi asiye na leseni, na usikubali triga ya raifo ya ulinzi au ya kuwindia ishuke chini ya kiwango cha kiwanda. Fedha ya kulainisha triga itumie kwa kabati la chuma lenye kufuli, kwa usafi wa bunduki na kwa mazoezi chini ya mwalimu. Na anayekuahidi kuigeuza raifo iwe rashasha, mkatalie, kisha toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu.