Siku Sita Malindi Tukingoja Pampu

Mwezi wa Mei mwaka 2024, maji ya Mto Tana yalipoifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu, wakazi wa visiwani waliokuwa Mombasa hawakuwa na njia ya kurudi kwao ila ile waliyoitumia babu zao. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulipanda mashua ya injini iliyopakia unga, sukari, saruji na mabati, tukaketi juu ya magunia, watu kumi na mmoja pamoja na mabaharia, tukaondoka alfajiri. Alasiri, tukiwa tumekwisha ipita Watamu, injini ilikohoa mara mbili tatu, kisha ikanyamaza. Pampu ya maji ya kuipoza ilikuwa imevunjika. Wavuvi waliokuwa wakirejea nyumbani walitutupia kamba wakatukokota hadi ghuba ya Malindi. Nahodha alisema kwamba tungelala usiku mmoja. Tulilala sita.

Jambo la kwanza tuliloliwaza, na ambalo twapenda wasomaji wetu waliwaze pamoja nasi, ni upepo. Kusi ulikuwa umekwisha shika. Upepo huo huvuma ukielekea kwetu, na tangu zamani ndio uliokuwa ukimchukua msafiri wa Lamu na Pate kutoka Mombasa bila ya kumdai hata senti moja. Mashua yetu haikuwa na tanga wala mlingoti. Mwenyewe aliviondoa zamani, akaona kuwa injini yatosha na kwamba nafasi ya mlingoti ni nafasi ya magunia kumi zaidi. Basi tuliketi ufuoni mchana kutwa, tukautazama upepo wetu ukipita kwenda kwetu bila ya sisi. Kweli bahari ilikuwa chafu, na mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilikuwa kimeipiga pwani ya Tanzania, hata watu wangali na hofu. Lakini nahodha wetu, aliyelelewa katika majahazi, alisema kwamba bahari ile si ya kumzuia mtu mwenye tanga.

Mabaharia walilala chomboni. Sisi abiria tulitoka kutafuta malazi, na haja yetu haikuwa ya starehe. Pamoja nasi alikuwako bibi mmoja wa Faza, aliyekuwa akirudi kutoka hospitali na dawa yake ya sindano ya kisukari, dawa ambayo haitaki joto. Tuliambiwa kwamba Malindi ni mji wa mahoteli, nasi tukaifuata njia ya ufuoni tukiamini kwamba mji wenye vitanda vingi namna ile hauwezi kumkosesha mtu barafu.

Tulikuta minyororo milangoni. Baadhi ya hoteli hufungwa kila mwaka wakati wa masika na hufunguliwa wageni wa Ulaya wanaporudi. Nyingine zilikuwa zimefungwa zamani, na mwangati wa bustanini ulikuwa umekwisha fika madirishani. Katika lango moja mlinzi, mzee wa Kigiriama, alituruhusu kuingia kivulini. Ndani tuliona bwawa la kuogelea lisilo na maji, majani ya mnazi yakiwa yamejaa sakafuni mwake, na viti vya ufuoni vimepangwa ukutani kama jeneza za kukodi. Tulimwuliza analinda nini.

"Nalinda nyasi, bwana," akasema. "Zamani nililinda Wazungu."

Hakulisema kwa mzaha. Alitueleza kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa mpishi hapo hapo na sasa anaendesha pikipiki ya abiria. Wa pili anajua Kiitaliano barabara, na hana wa kusema naye. Sisi tuliomtembelea siku moja tulimwonea huruma, lakini yeye alituonea sisi huruma zaidi, kwa kuwa alikuwa na pa kulala.

Mwishowe tulipata nyumba katika mtaa wa Shela. Jina hilo si geni kwa msomaji wa Lamu. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima, aliposikia lafudhi ya bibi wa Faza hakutaka maelezo. "Karibuni wanangu, na wewe dada yangu, ingia ndani," akasema. Na kabla hatujavua viatu alikuwa amekwisha mtuma mjukuu wake kwa mwuza samaki wa jirani mwenye jokofu. Dawa ile ilikaa siku sita kando ya changu na nguru, imefungwa katika karatasi na kuandikwa jina. Twaandika haya kwa shukrani. Lakini hatuna budi kuuliza: ingekuwaje kama bibi yule angetoka mahali pasipo na jamaa Malindi?

Siku ya tatu tulikwenda katika ofisi moja ya serikali kuomba ushauri. Afisa tuliyemkuta, kijana mwenye adabu, alituuliza kama sisi ni watalii. Tulipomjibu kwamba sisi ni wasafiri tu, aliufunga taratibu mkebe wa kalamu zake, akasema kwamba kitabu alicho nacho ni cha kuandika watalii. Hatumlaumu. Alipewa kitabu kimoja.

Mtu akikaa Malindi siku sita bila ya kazi, hana la kufanya ila kwenda rasini kuitazama nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo naye aliwahi kusubiri hapa. Alitia nanga katikati ya mwezi wa Aprili mwaka 1498, akiwa amekwisha gombana na Mombasa. Mfalme wa Malindi akampa vyakula na rubani ajuaye njia ya Bara Hindi, naye akaondoka tarehe 24. Siku tisa zilitosha kumpatia mgeni asiyejulikana rubani wa kumvusha bahari nzima. Twakiri kwamba tulipokuwa tumesimama chini ya nguzo ile, tukingoja pampu kutoka Mombasa, mwendo wa saa mbili tatu kwa gari, tulimwonea wivu.

Historia ya mji huu yafanana na ya nyumba inayowashwa taa mgeni anapokuja tu. Mwaka 1415 twiga aliyetolewa Malindi alifika China, zawadi kwa mfalme wa huko. Wareno waliufanya mji kuwa rafiki yao, kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao, na mji wake ukadhoofu hata ukawa magofu. Mwaka 1861 Seyyid Majid wa Unguja aliufufua kwa mashamba ya mtama na ufuta, na jasho lililoyalima lilikuwa la watumwa. Utumwa ulipokomeshwa, mashamba nayo yakafifia. Mahoteli yalianza katika miaka ya 1930. Mwaka 1967 Waitaliano walianza kurusha vyombo vya angani kutoka katika majukwaa yao ya baharini huko Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, walirusha kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Waliofuata baada ya wataalamu walikuwa watalii, na baada ya watalii waliojenga nyumba. Kwa muda mrefu mji ulinenepa.

Kisha zikaja shida: utekaji nyara wa wageni huku kwetu Lamu mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, maonyo ambayo serikali za Ulaya ziliwapa raia wao, na mwaka 2020 ule ugonjwa wa korona uliozifunga ndege za dunia nzima. Hata bahari yenyewe yajitenga. Udongo mwekundu uletwao na Mto Sabaki umeupanua ufuo wa ghuba kiasi kwamba mahali palipokuwa na mawimbi sasa pana mchanga, na mgeni hutembea sana kabla ya kulowesha miguu.

Nasi wa visiwani tusiwacheke. Baada ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakaacha nyavu zao ukutani na nyumba za wageni zikakaa kimya kama hizi tulizoziona. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na majirani wanaokuja kwa mashua.

Kwa miaka mingi yamesemwa mengi juu ya kuurefusha uwanja wa ndege wa Malindi ili ndege kubwa zije moja kwa moja kutoka ng'ambo. Hatupingi. Mlinzi wa nyasi anahitaji kazi, na mwanawe anahitaji wa kusema naye Kiitaliano. Lakini wakati wote wa mazungumzo hayo hatukumbuki kumsikia mheshimiwa yeyote akimtaja abiria wa mashua, ambaye hakuacha kuja kwa sababu ya onyo la balozi wala bei ya tikiti. Huyo hashuki kwa maelfu. Hushuka watu kumi, siku ambazo barabara imekatika, na mifuko yao imelowa.

Haombi makuu. Anahitaji banda la kumkinga na mvua karibu na anaposhukia, bomba la maji, na taa moja ya usiku. Anahitaji pia mtu mwenye kitabu cha pili, wa kuandika jina la chombo, idadi ya watu na waendako, na wa kumwambia nahodha hali ya bahari itakavyokuwa kesho. Hili la mwisho latuhusu na sisi wenyewe. Mashua yetu ilikuwa na majaketi saba ya kuokolea maisha kwa watu kumi na mmoja; hakuna aliyetuandika tulipoondoka, wala hakuna kati yetu aliyetaka kuandikwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haraka ya kufika kwake. Lau wavuvi wale wasingalipita, hapangalikuwa na karatasi popote yenye majina yetu. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Lamu zaweza kulizungumza jambo hili pamoja, maana bahari haina mpaka wa kaunti. Na gharama yake, kwa kadiri tuonavyo, haitafika hata hatua chache za uwanja wa ndege.

Wavuvi nao wahusishwe. Wao ndio waliotukokota, na wao ndio waliokuwa na barafu. Mahoteli yakifungwa, kamba na kaa wao huuzwa kwa bei ya kutupa, na msimu wa kusi wengi hawatoki kabisa. Kuwapa kazi ya kulitunza banda na kuwakaribisha wasafiri hakuhitaji mkutano wa siku tatu hotelini, ijapokuwa hoteli zenyewe zi wazi.

Pampu ilifika siku ya sita, imefungwa katika gunia, kwa basi la usiku. Fundi aliifunga mpaka adhuhuri. Mama wa Shela alitufungia mikate na samaki wa kukaanga, akakataa kabisa pesa ya malazi, ila akatutaka tumpelekee salamu nduguze wa Siyu ambao hajawaona kwa miaka mingi. Tuliondoka maji yalipojaa. Tulivuka mdomo wa Sabaki, ambapo bahari ilikuwa nyekundu kama chai ya maziwa iliyokolea majani, na jua lilipokuwa likizama tuliyaona majukwaa ya Ngomeni yamesimama peke yake majini juu ya miguu yake ya chuma. Nahodha aliitegea injini sikio kila mara, asizungumze na mtu. Bibi wa Faza aliishika dawa yake juu ya barafu iliyoviringwa kitambaa, akauliza kama barabara ya Garsen imekwisha kauka. Hakuna aliyejua.