Mjengo wa Kitengela na gharama ya anayeanguka

Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini Kitengela. Ya 2019 ikakuta zaidi ya 154,000. Wote walihitaji pa kulala, na ploti ya futi 50 kwa 100 haina pa kupanukia ila juu. Kutoka Noonkopir hadi Yukos, nyumba za kupangisha huongezwa ghorofa baada ya ghorofa, na fundi huzifuata kwa jukwaa la miti iliyopigiliwa misumari.

Miti hiyo ikimaliza mjengo huu huhamia ule, misumari ikichomolewa na kunyooshwa. Wenye mali husema vifaa vya usalama ni ghali. Sikubali sana. Tatizo ni kwamba hakuna anayekiri kuwa mwajiri: mwenye ploti alimpa kontrakta kazi, kontrakta akampa fundi mkuu plasta kwa bei ya jumla, naye fundi mkuu akachukua vibarua asubuhi getini. Mmoja akianguka, kila mtu humnyooshea kidole wa chini yake.

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, WIBA kama wengi wanavyoiita, haimbagui kibarua, na inamtaka mwajiri awe na bima. Ulemavu wa kudumu usiomwachia mtu uwezo wa kazi hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Tuseme fundi analipwa shilingi 1,500 kwa siku, siku 24 kwa mwezi: hiyo ni 3,456,000. Kwa fedha hizo mwenye ploti angenunua mikanda na vyuma vya jukwaa, na chenji ingebaki.

Lakini fidia huanzia kwenye ushahidi wa ajira. Kibarua hana barua wala payslip. Kama hulipwa kwa M-Pesa, jumbe za malipo ya Jumamosi ndizo hati zake, na aliyelipwa taslimu hana hata hizo. Dai lina muda wa miezi 12. Tena tangu Mahakama ya Juu ilipoithibitisha sheria hiyo Desemba 2019, njia huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini, jambo ambalo wengi mjengoni hulisikia mwaka ukiwa umeshapita.

Bili ya hospitali, kwa wakati huo, imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la mchango: mia mbili za jirani, mia tano za shemeji, na pale juu plasta inaendelea.